Somo: Hasira na Wimbo Utulizao Moyo

Hasira ni mmojawapo wa mizizi saba ya dhambi. Mfalme Sauli alipofadhaika, Daudi alimpigia kinubi, naye akatulia. Lakini Sauli hakuutoa wivu moyoni. Kwa hiyo siku nyingine, kinubi kikipigwa, alimtupia Daudi mkuki. Wimbo uliishia masikioni.

Basi mtu wa Kasongo au wa Kabambare aliyemtukana jirani kwa sababu ya mbuzi aliyeingia shamba la mihogo, afanye nini?

Kwanza, anyamaze na kuondoka penye ugomvi.
Pili, aimbe polepole wimbo wa kanisani aujuao, hata maneno yake yawe sala.
Tatu, amwombe Mungu msamaha kwa majuto ya kweli.
Nne, kabla jua halijatua, kama Mtakatifu Paulo alivyowaagiza Waefeso, aende kupatana na jirani yake.

Naye aliyetukanwa amkumbuke Mwenye Heri Anuarite wa Kongo, aliyemsamehe mwuaji wake huko Isiro mwaka 1964.

Swali: Je, kuimba peke yake kwatosha?
Jibu: Hakutoshi. Wimbo hutuliza pumzi. Kupatana ndiko kuletako amani.