Malalamiko ya wakulima na majibu yake: yakae wapi?

SWALI: Natunza malalamiko ya wakulima wa chama chetu cha ushirika wa pamba hapa Songwa, Kishapu. Lalamiko moja huzaa majibu, na majibu nayo hujibiwa. Kwenye Excel yamevurugika. Niyapangeje kwenye kanzidata?

JIBU: Majedwali mawili yanatosha. La kwanza ni la watu, wakulima na viongozi: namba, jina, kijiji, simu. Namba uitunge wewe. Jina halifai kuwa kitambulisho, maana Usukumani kina Masanja hawakosekani kijiji kimoja; simu nayo hubadilishwa kila laini ikipotea.

La pili ni la ujumbe: namba yake, namba ya mwandishi, tarehe, maneno yenyewe, na namba ya ujumbe unaojibiwa. Lalamiko jipya huacha safuwima hiyo ya mwisho tupu. Usithubutu kutengeneza safuwima za “jibu la 1”, “jibu la 2”. Likija la 3 utakwama. Edgar Codd wa IBM, alipoeleza mfumo huu wa majedwali yanayohusiana mwaka 1970, alitaka taarifa ziunganishwe kwa thamani zilizomo, si kwa mahali zilipowekwa.

Kuvuta mazungumzo yote kwa mpangilio, tumia amri ya SQL iitwayo WITH RECURSIVE. SQLite na MySQL kuanzia toleo la 8 zinaielewa, na SQLite ni bure. Ujumbe usiotakiwa ufiche, usiufute, la sivyo majibu yake yatabaki yatima.

Na hayo majina na simu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Weka nywila kwenye kompyuta yenye kanzidata hiyo.