Mkanda, Faini na Zawadi

Sisi tunaopanda matatu kutoka Likoni hadi Ukunda na Msambweni twaujua mchezo huu. Utingo hupaaza sauti, "Fungeni mikanda, askari hao!" Mikanda yafungwa haraka. Kizuizi kikishapitwa, yote yafunguliwa.

Sheria tunayo. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilimtaka kila abiria wa matatu afunge mkanda. Lakini faini hutisha pale askari alipo. Asipokuwapo, tufanyeje?

Njia moja ilijaribiwa papa hapa Kenya, ingawa haikuhusu mikanda. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Je, dereva hatazibandua? Hapo ndipo zawadi ilipoingia. Kila wiki ilichezeshwa bahati nasibu, na dereva aliyeshinda akikutwa na stika zake zote alipewa pesa. Madai ya bima kwa matatu hizo yalipungua kwa nusu au zaidi. Katika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa 2015, yalipungua kwa robo hadi theluthi.

Tuzingatie jambo hili: zawadi haikutolewa kwa "kutopata ajali", maana mtu angeweza kuificha ajali yake. Ilitolewa kwa kitu kidogo kinachoonekana na kukaguliwa. Mkanda nao ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo nina ushauri kwa matajiri wa Diani wanaowarudisha wafanyakazi nyumbani usiku kwa gari la kazini. Kwanza, tengenezeni mikanda na kuifua. Mkanda uliokatika haufungiki hata kwa zawadi ya ng'ombe, na mchafu nani atauweka juu ya shati jeupe? Pili, kagueni ghafla, siku isiyojulikana. Tatu, gari zima likikutwa limefunga, wote wapate kitu, hata kama ni pakiti ya unga. Hapo jirani atamwambia jirani, "Wee, funga bwana, usitukoseshe unga!"

Askari hawezi kupanda kila gari, lakini jirani yumo tayari. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.