Kabla Hujamwaga Zege Jipya la Bafuni

Sakafu ya bafu ikianza kutitia, vigae vikaachia na maji yakatuama pembeni badala ya kwenda kwenye tundu lake, wengi wetu hukimbilia kununua vigae vipya. Fundi hubandua vya zamani, hupiga lipu juu juu, hubandika vingine, na baada ya muda tatizo liko palepale. Mara nyingi ubovu uko chini zaidi: udongo haukushindiliwa, bomba linavuja, au zege lenyewe lilikuwa dhaifu. Hapo hakuna njia ya mkato. Vunja jamvi la zege, umwage jipya.

Maelezo haya yanahusu bafu lililo chini, juu ya ardhi. Bafu la ghorofani limekaa juu ya slabu inayobeba nyumba; usiligonge nyundo kabla mhandisi hajaliona.

Kwanza funga koki kuu na uzime umeme wa bafuni, kisha vunja na utoe kifusi chote. Udongo uliolowa kwa uvujaji wa miaka mingi uchimbe mpaka ukutane na ardhi ngumu. Jaza moramu kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka inyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka nyingine. Ukijaza yote kwa mkupuo, ya juu tu ndiyo itakayoshikana, na jamvi lako litakuja kupasuka.

Sasa mabomba, na hapa ndipo ningekuomba uwe mkaidi. Kila utakachokifukia leo, kukirekebisha kesho ni kuvunja tena. Bomba la choo la inchi 4 lilale kwa mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita kuelekea kwenye chemba. Tundu la maji ya kuogea liwe na trapu inayobaki na maji ndani yake wakati wote, maana maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende kupanda bafuni. Kisha mwambie fundi azibe bomba upande wa chemba, alijaze maji na kuweka alama ya kalamu pale maji yalipofikia. Usiku upite. Asubuhi alama na maji vikiwa pamoja, endelea. Maji yakiwa yameshuka, kuna kiungo kinachovuja, na kukitafuta sasa hakukugharimu chochote zaidi ya gundi na subira.

Kabla ya kufunika, weka futi kando ya mabomba upige picha, ili siku ukitaka kutoboa sakafu ujue yamepita wapi. Midomo ya mabomba izibwe kwa nailoni na kufungwa kwa tepu. Donge moja la zege likidondokea kwenye trapu na kukauka, choo kitaziba kabla hakijatumika.

Juu ya moramu tandaza nailoni nzito isiyopitisha maji, ipandishe kidogo ukutani, na mahali vipande vinapoungana vipishane kwa sentimita 30. Ukiweka wavu wa chuma, uinue kwa vipande vidogo vya saruji uwe kama sentimita 4 kutoka chini. Mafundi wengi huulaza juu ya nailoni na kuahidi kuuvuta juu wakati wa kumwaga. Huwa hauvutwi, nao ukibaki chini kabisa hausaidii kitu.

Pima pia kimo kabla ya kuchanganya chochote. Sakafu ya bafu ikikamilika iwe chini ya korido kwa sentimita 2 hivi. Lipu, gundi na kigae kwa pamoja hula kama sentimita 5. Kwa hiyo uso wa zege, pale mlangoni, uwe sentimita 7 chini ya korido, na kutoka hapo ushuke kuelekea kwenye tundu kwa sentimita 1 hadi 2 kila mita.

Bafu la mita 2 kwa 1.5, jamvi la unene wa sentimita 10, linahitaji mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Nunua wa tatu wa akiba, utatumika kwenye lipu. Kwa kila mfuko pima ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20. Pima kwa ndoo, usihesabu chepe. Mchanga uwe safi. Wa ufukweni una chumvi, nao utakula chuma na kutoa unga mweupe sakafuni.

Maji ndiyo yanayoharibu zege nyingi kuliko kitu kingine. Mfuko mmoja unatosheka na lita 25 hivi, tena pungufu kama mchanga umelowa. Saidia fundi hupenda zege liwe jepesi kama uji kwa sababu halichoshi mkono, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege hupoteza nguvu. Mafundi husema zege halilali: ukishachanganya, limwagwe ndani ya saa moja. Likianza kukaza usiliongezee maji.

Anza kona iliyo mbali na mlango. Lichome kwa kipande cha nondo, hasa kuzunguka mabomba, hewa itoke, kisha lisawazishe kwa ubao ulionyooka. Vaa glavu na buti za mpira, kwani saruji mbichi huunguza ngozi. Maji yakijitokeza juu, subiri yaishe. Usiyakaushe kwa kunyunyiza saruji kavu, maana uso huo utabanduka.

Likishakaza, lifunike kwa magunia na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, yasikauke. Familia ipange mahali pengine pa kuoga wiki hiyo. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, na ukiweza kungoja mpaka hapo kabla ya kubandika vigae, ngoja. Fundi anayetaka kubandika kesho yake mlipe kazi aliyokwisha kuifanya, na umwambie arudi zege likiwa tayari.