Somo la 7: Haruni Apata Mdogo Wake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 2:1-10, Kutoka 7:7, Waebrania 11:23, Zaburi 131, Mwanzo 21:8-11, Kutoka 4:14, 27, Hesabu 12.

Fungu la kukariri: Kutoka 4:14, sehemu ya mwisho. Likaririwe nyumbani pamoja na watoto.

Fikiri juu ya nyumba moja ya Mpale, huko milimani, wilaya ya Korogwe. Kifungua mimba ana miaka miwili na miezi michache. Hadi juzi mgongo wa mama ulikuwa wake, kanga ilikuwa yake, na usiku alilala ameshika sikio la mama. Leo mama amerudi kutoka zahanati na amempakata mwingine. Majirani wanaingia na kuni na uji, wote wanauliza, “Mtoto hajambo?” na mtoto anayeulizwa si yeye tena. Siku ya tatu anakojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Siku ya tano anamfinya mchanga mguu. Bibi anasema huyu ana wivu. Baba anatafuta fimbo.

Biblia inayo nyumba ya namna hii, lakini ni rahisi kuipita, maana macho ya wasomaji yako kwenye kisafina.

JUMAPILI: Mtoto wa Miaka Mitatu

Soma Kutoka 2:1-4, kisha Kutoka 7:7. Musa alipozaliwa, Haruni alikuwa na umri gani?

Waliposimama mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83. Kwa hiyo siku Yokebedi alipojifungua Musa, nyumbani mlikuwa na mvulana wa miaka mitatu. Miriamu alikuwa mkubwa kiasi cha kusimama mtoni na kuzungumza na binti Farao kwa busara. Haruni hakuwa amefika huko. Miaka mitatu ni umri wa kusema nje kila kilichoonekana ndani.

Kwa miezi mitatu nyumba ile ilikuwa na mchanga ambaye sauti yake haikupaswa kusikika mpaka barabarani. Maandiko hayasemi neno juu ya Haruni katika miezi ile. Lakini mzazi yeyote anaweza kuona kilio cha nani kilikimbiliwa haraka, na ni nani aliyeambiwa “nyamaza” mara nyingi kwa siku. Yokebedi hakumpenda Haruni pungufu. Hatari ilikuwa juu ya mdogo, na mikono ya mama ni miwili tu.

JUMATATU: Wazazi Wake

Linganisha Kutoka 2:2-3 na Waebrania 11:23. Ni nani aliyemficha Musa?

Kutoka kunamtaja mama. Waebrania inasema alifichwa na wazazi wake. Amramu, mtumwa aliyerudi jioni na udongo wa matofali mikononi, alikuwa na sehemu yake katika imani ile. Mmoja akikaa na mchanga, mwingine hana budi kuwa na wale wengine.

Katika nyumba nyingi za Tanga chumba cha mzazi ni cha wanawake mpaka arobaini ipite. Desturi hiyo ina wema wake, kwa kuwa inampa mama pumziko. Hata Walawi 12 inahesabu siku 40 kwa mama aliyezaa mtoto wa kiume. Lakini katika siku hizo mkubwa hubaki bila mtu. Hapo baba ana nafasi ambayo huenda hakuipata kwa mtoto wa kwanza: kumwogesha, kumlisha, kumlaza, kumbeba mabegani Sabato asubuhi kwenda kanisani wakati mama amebaki nyumbani. Hayo hayampunguzii mwanamume heshima yake.

Baba amwangalie na mama. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Huzuni ikizidi majuma mawili, au mama akiwa hataki hata kumshika mchanga, apelekwe zahanati. Asiambiwe tu kwamba imani yake ni haba.

JUMANNE: Aliyeachishwa Ziwa

Soma Zaburi 131. Kwa nini Daudi alichagua mfano wa mtoto aliyeachishwa, na si wa anayenyonya?

Mtoto anayenyonya hutulia kwa sababu ya maziwa. Yule aliyekwisha kuachishwa, akitulia kwa mamaye, amemtaka mama mwenyewe. Utulivu huo haupatikani kwa siku moja, wala kwa kupakwa kitu kichungu kwenye ziwa na kupelekwa kwa bibi ghafla.

Mtoto wa kwanza akianza kukonda, miguu ikavimba na nywele kubadilika rangi, wapo watakaosema amebemendwa, kwamba wazazi wamemharibu kwa kukutana kabla ya wakati. Maneno hayo yameumiza nyumba nyingi na hayajamponya mtoto hata mmoja. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliuandika ugonjwa huo katika miaka ya 1930 kwa jina alilolipata kwa Waga wa huko, kwashiorkor. Akina mama wale walijua kwamba humpata mtoto anayeondolewa ziwani mwingine anapozaliwa. Mara nyingi aliyekosa ziwa amebaki na uji mweupe mtupu. Anahitaji maharage, mayai, maziwa, mboga na matunda, mara kadhaa kwa siku, na mtu wa kukaa naye anapokula, kwa maana mtoto mwenye huzuni hali vizuri. Mwenye dalili hizo apelekwe zahanati bila kungoja. Mchanga anapokwenda kliniki, mkubwa naye apimwe uzito. Kadi yake ni ya mpaka miaka 5.

Wataalamu wa afya hushauri mama anyonyeshe hadi miaka miwili au zaidi, na angoje walau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Wazazi walizungumze hilo mapema, wawili, bila kuona haya.

JUMATANO: Karamu Iliyoharibika

Soma Mwanzo 21:8-11. Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa. Ishmaeli, aliyemtangulia kwa miaka kama 14, alikuwepo, na alicheka. Nyumba ile ilikuwa na makosa mengine mazito, ambayo si ya somo hili. Itazame karamu tu: je, kulikuwa na neno lolote kwa mkubwa siku ile?

ALHAMISI: Atafurahi Moyoni

Soma Kutoka 4:14, 27.

Ndugu hawa hawakukaa pamoja muda mrefu. Katika Wazee na Manabii, Ellen White anaeleza kwamba Yokebedi alikuwa na Musa mpaka miaka kama 12. Kisha jumba la Farao, kisha miaka 40 ya Midiani. Mdogo alipata elimu na jina, mkubwa akabaki utumwani. Hata hivyo Mungu, anayeujua moyo, alimwambia Musa mapema kwamba Haruni anakuja, na kwamba akimwona atafurahi. Akaja, akambusu.

Hesabu 12 inaonyesha kwamba wivu haukuwa umekufa kabisa. Ulirudi wakiwa wazee. Haruni alikiri, na Musa akamwombea Miriamu. Wazazi wasishangae basi mkubwa akimbusu mchanga asubuhi na kumfinya jioni. Azuiwe kwa upole asimdhuru, kisha apewe kazi ndogo: kuleta nguo, kuimba, kusema amina. Na mama bado anaitwa kwa jina lake. Hilo mdogo hakumnyang’anya.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Mnapokwenda kumwona mzazi, mnamletea nini mtoto mkubwa? Ni nani anayemsalimu kwanza?

2. Katika kundi lenu yuko mama aliyejifungua ambaye mumewe yuko safarini au hayupo? Nani atamchukua mtoto wake mkubwa Sabato ijayo?