Watoto Wajengao Pamoja

Wazazi wengi humwona mtoto achezeaye vipande vya mbao kuwa apoteza wakati. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 1943, huko Emdrup, mtaa wa Copenhagen nchini Denmark, ulifunguliwa uwanja wa watoto usio wa kawaida. Aliyeuwaza, C. Th. Sørensen, mbuni wa bustani, alikuwa ametambua ya kuwa watoto hupenda kuchezea penye mabaki ya ujenzi kuliko viwanja alivyowatengenezea yeye. Basi wakapewa mbao kuukuu, matofali na nyundo, wakajijengea vibanda. Msimamizi alikuwapo, lakini kazi yake haikuwa kuamuru.

Hapo ndipo penye somo. Boriti nzito haiinuliwi na mtoto mmoja. Hana budi kumwita mwenzake, na mwenzake naye ana shauri lake juu ya mlango uwekwe wapi. Watabishana, pengine ukuta utaanguka. Mzazi akiingia upesi kuusimamisha, kibanda kitapendeza, lakini watoto hawatakuwa wamejifunza kupatana. Hata sisi twashindwa kujizuia tuonapo msumari ukipigwa kombo!

Mwalimu aliye na mabaki ya mbao nyuma ya darasa asiyachome. Ang'oe misumari yenye kutu, awape watoto, kisha aketi kivulini atazame.