Barua ya Anayengojea Chuo cha Udaktari

Mwalimu wa Kikristo aweza kuulizwa shauri na kijana aliyeko Marekani, atakaye kuwa daktari, naye amejibiwa na chuo kwamba hakukubaliwa wala hakukataliwa, bali jina lake limewekwa katika orodha ya kungojea. Je, yafaa aandike barua, au anyamaze?

Kwanza yatupasa kujua sababu ya orodha hiyo. Kule mtu huingia chuo cha udaktari akiisha kupata digrii ya kwanza, naye huomba vyuo vingi kwa mara moja. Kwa hiyo mmoja aweza kukubaliwa na vyuo vitatu au vinne, hali atasoma katika kimoja tu. Vyuo vilivyo vingi vyafuata desturi kwamba ifikapo tarehe 30 Aprili mwenye nafasi nyingi achague moja na kuziachia nyingine. Ndipo nafasi huanza kufunguka, mwezi wa Mei na baadaye, pengine hata siku chache kabla ya masomo kuanza. Basi anayengojea hangoji bure.

Na asome agizo la chuo kabla ya kushika kalamu. Viko vyuo visemavyo wazi kwamba havitaki barua yo yote; aandikaye huko aonyesha tu kwamba hakusoma. Ikiwa yaruhusiwa, iwe ya ukurasa mmoja, nayo iseme mambo mapya: alama zilizotoka baada ya maombi, kazi aliyoifanya hospitalini, utumishi wake kwa maskini. Yaliyokwisha kuandikwa yasirudiwe. Tena aeleze kwa nini akitaka chuo hicho hasa. (Mposaji awasifuye mabinti wote kwa maneno yale yale hapewi hata mmoja.)

Lakini iko barua ya namna ya pili, yenye ahadi: mkinipa nafasi nitakuja kwenu, na vyuo vingine vyote nitaviacha. Hiyo huandikiwa chuo kimoja tu. Kijana mwenye hofu hushawishika kuipeleka kwa vyuo vitatu, akisema moyoni, Nani atajua? Ni kweli, si mkataba wa sheria, wala hakuna atakayemshtaki barazani. Walakini chuo kikimwamini humpa nafasi kwa kutazamia kwamba atakuja. Naye asipokuja, siku zimekwisha kupita, na mwenziwe aliyengojea kwa uaminifu huenda amekata tamaa na kushika njia nyingine. Tufundishapo amri ya nane katika Katekisimo Ndogo twazoea kunena juu ya masingizio. Uongo wa barua hii nao wamdhuru jirani, ijapokuwa mwandishi hamjui jina lake. Tena kijana huyu ataka kazi ambayo ndani yake mgonjwa hana budi kuliamini neno la daktari.

Kama hajakata shauri, aandike tu kwamba angali akikitaka chuo hicho. Ni kweli, nayo yatosha. Na siku atakapopata mahali pa kumridhisha, aviandikie vyuo vingine vyote ambako angali akingojea, jina lake lifutwe, ili aliye nyuma yake asogee.