Cheti cha Huduma ya Viti vya Magurudumu: Mafunzo Niliyopata Minova

Nafanya kazi ya fisioterapia hapa Minova, huku Kalehe, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu. Wengi wanaonijia hawatibiki kwa vidonge: polio ya utotoni, risasi kwenye uti wa mgongo, mguu uliokatwa. Wanahitaji kifaa na mtu anayejua kukipima. Nilitafuta cheti kwa ajili yao.

1. Chagua cheti kinacholingana na kazi unayoifanya.

Katika fani ya vifaa saidizi, jina kubwa ni RESNA ya Marekani na cheti chake cha ATP: maswali 200 kwa saa 4. Nakiheshimu, lakini kimejengwa juu ya mazingira ya bima na viti vya umeme. Nilichagua mtihani wa ngazi ya msingi wa ISWP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa viti vya magurudumu kilichoanzia Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 2015. Una maswali 75, unafaulu kwa asilimia 70, na unaweza kuufanya kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea.

2. Vitabu ni vya bure, vipakue mtandao ukiwepo.

Msingi wa mtihani huo ni mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (OMS) ya mwaka 2012, yenye hatua 8, kuanzia kumpokea mtu hadi kumfuatilia akiwa nyumbani na kukitengeneza kiti chake. Nilipakua vyote Goma, nikasoma kwenye simu usiku.

3. Vidole vyako lazima vijue kabla ya kalamu.

Hapa ndipo nilipobadilika kabisa. Upana wa kiti ni upana wa nyonga za mwenyewe. Kina chake ni urefu wa paja, kutoka matako hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6. Kisha mtu akishakaa, unapitisha vidole chini ya mfupa wa tako, juu ya mto. Vikicheza angalau milimita 5, yuko salama. Vikikwama lakini vinachomoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa hata kuvichomoa ni shida, mto huo utamtoboa. Aliyepooza hasikii maumivu; kidonda kinaanza bila yeye kujua, kinafika mfupani, na wengi hufa kwa kidonda hicho, wala si kwa jeraha la mgongo. Nilijizoeza kwa jirani, shemeji, yeyote aliyekubali kukaa, mpaka mkono ukazoea.

4. Cheti kinakupa haki ya kukataa.

Baada ya wakimbizi wa vita kujaa Minova, wafadhili fulani walileta viti vya hospitali, vyote saizi moja, vyenye magurudumu madogo ya mbele. Kwenye sakafu laini vinateleza vizuri. Kwenye matope na mawe ya vijia vyetu gurudumu linazama, na mtu anaanguka kifudifudi. Mama mmoja kutoka Bweremana, mwembamba, alielea ndani ya kiti chake, ameegemea upande mmoja. Akaniambia, “Docta, nakishukuru, lakini kinaniuma mgongo.” Nilimwendea mkuu wa mradi na karatasi ya vipimo vyake. Miaka ya nyuma angenisikiliza kwa adabu tu. Safari hii aliuliza nimesomea wapi, nikamwonyesha cheti, na mgao wa viti vilivyobaki ukasimama mpaka kila mtu apimwe. Nilikuwa na sheria pia: namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu nchini mwetu.

5. Jua mpaka wako.

Ngazi ya msingi inahusu mtu anayeweza kukaa wima mwenyewe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kushika kichwa anahitaji ngazi ya kati, kwa hiyo namwelekeza kwenye vituo vya watu wenye ulemavu: Shirika la Umoja huko Goma, au Heri Kwetu huko Bukavu. Rufaa hiyo si jambo dogo. Vita vilipofunga barabara ya kwenda Goma kupitia Sake Februari 2024, njia ikabaki ziwani, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, ikaua watu wengi. Sasa nikiandika rufaa ya kwenda kwa maji, nauliza kwanza kama kuna jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto.

6. Mshirikishe fundi baiskeli.

Spoki, tairi, breki: fundi wa hapa anavijua. Kila ninapokabidhi kiti, namwita fundi aliye karibu na nyumba ya mtumiaji. Tunakigeuza kiti juu chini, anakaza breki, anazungusha gurudumu, na mwenye kiti anamtazama ili kesho ajue ni kipi cha kumlalamikia.